Ncha ya Utepe

Jumanne, tarehe 9 Juni, saa moja na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yakianguka na mawingu yakiwa yameshuka hadi karibu na mapaa ya maghala, nilisimamisha gari langu mbele ya geti la gereji ya Mama Klachi nikapiga honi mara moja. Sipigi honi mara mbili. Mtu aliyesikia ya kwanza asifungue amekwisha kuamua, na uamuzi wa mtu nausikiliza kwanza kabla sijaupinga.

Geti lilifunguka kiasi cha kupitisha kichwa. Kilikuwa kichwa cha Mzee Spana, fundi mkongwe wa pale, kofia yake imeshiba oili hata manyunyu yakawa yanateleza juu yake kama juu ya bati.

"Karibu, mheshimiwa," alisema.

"Mimi si mheshimiwa. Ni mpima ardhi. Baraza la ardhi limenituma kupima mpaka wa kiwanja hiki na kile cha jirani."

"Barua tumeiona. Wewe ingia, karibu sana." Alilinyooshea gari langu kidole. "Huyo mwenzako abaki huko huko."

"Vyombo vyangu vimo ndani ya gari. Ninaingia nalo."

"Basi bakini wote nje, mzee wangu. Angalau mtaliwazana."

Akafunga. Ndani nikasikia vicheko, kisha nyundo zikaendelea na kazi yake.

Inanipasa kueleza, kwa sababu msomaji wa mji mwingine anaweza kudhani fundi yule alikuwa na wazimu. Hakuwa nao. Katika mji wetu mtu hahitaji kuonyesha kadi ya chama; gari lake linatosha. Wenye magari marefu meusi yenye vioo vya giza huhesabiwa kuwa watu wa Ufunguo, chama kinachotawala. Wenye magari madogo ya zamani, yale ya kusukumwa asubuhi, huhesabiwa kuwa watu wa Ngazi, chama cha upinzani. Vijiwe vyote vinaijua orodha hiyo, na mtu akibadili gari majirani humwuliza kimekuhamisha nini.

Gari langu nililinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya serikali, miaka kumi na miwili iliyopita. Nililipaka rangi nyeupe, lakini jua likilipiga kwa upande, herufi za idara iliyokuwa ikilimiliki hujitokeza mlangoni kama kovu. Kwa watu wa gereji, hilo lilitosha: mimi ni Ufunguo. Ajabu ni kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo, mlinzi wa ofisi za wilaya aliitazama bampa yangu, ambayo nimeifunga kwa kamba ya katani, akaniuliza kwa sauti ya chini mkutano wa Ngazi umeahirishwa hadi lini. Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba ashughulike na geti lake.

Sasa jambo lenyewe. Mama Klachi alirithi gereji kwa baba yake. Karibu na ukuta wa mashariki kuna shimo la kukagulia magari, mahali ambapo fundi husimama akafanya kazi chini ya gari. Bila shimo lile hakuna klachi, hakuna giaboksi, na mafundi tisa hawana pa kwenda. Mwenye kiwanja jirani, kijana mmoja asiyeonekana kamwe, alitaka kujenga kituo cha mafuta, naye alidai kwamba shimo limo ndani ya ardhi yake. Madai yake yalisimama juu ya jiwe la zege lililowekwa na wakandarasi wa barabara. Ukipima kutoka kwenye jiwe hilo, mpaka unasogea mita mbili na sentimita sitini, na shimo lote linakwenda. Lakini ramani ya awali ilionyesha kigingi cha chuma chenye namba T 384, ambacho hakuna aliyekiona kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kukitafuta kigingi hicho, au kuthibitisha kwamba hakipo. Kisipopatikana, jiwe la zege lingeshinda.

Kabla sijaondoka pale getini nilichungulia kwenye upenyo. Katikati ya ua lilisimama gari refu jeusi lenye vioo vya giza. Nikajisemea: kumbe na huyu mama ana mtu wake mkubwa. Naliandika hili kwa sababu nilifikiri hivyo, na sina haki ya kuyaandika makosa ya wengine nikaacha langu.

Alasiri ile Kiranja alikuja ofisini kwangu.

Tulisoma pamoja shule ya bweni. Yeye alikuwa kiranja wa stoo, na ingawa alivuliwa beji tukiwa kidato cha tatu, jina lilibaki naye hadi leo, akiwa katibu wa Ngazi katika kata yetu. Aliegesha dirishani kigari chake cha bluu, ambacho mlango wake hufunguliwa kwa nje kwa kuvuta uzi. Kigari hicho kinajulikana mji mzima. Watu wakikiona hukipungia mkono hata kama hakina mtu ndani.

"Bwana Nyuzi," alisema akiketi. Ndilo jina nililopewa shuleni kwa kupenda kupima pembe. "Nasikia umelala nje ya geti kama paka."

"Nilisimama. Sikulala."

"Ni hilo gari lako. Kesho panda langu. Nikifika mimi, Spana anafungua geti mpaka bawaba zinalia. Wale ni watu wangu."

"Na wewe utakuwa na shughuli gani huko?"

Alicheka, akatazama kucha zake. "Yule kijana wa kiwanja cha pili ni mpwa wangu. Yuko masomoni ng'ambo. Barua ya uwakilishi ninayo mimi."

Nikamtazama. Mafundi wale walikuwa wamemwomba yeye awasemee kwenye baraza. Nilijua pia jambo jingine, kwa kuwa nimewahi kufika kwake: nyumbani, nyuma ya nyumba, chini ya turubai, hulala gari refu jeusi ambalo halitoki mpaka awe anasafiri mbali.

"Wanajua kwamba jirani ni wewe?"

"Wanajua gari langu," alisema. "Inawatosha. Sasa sikiliza, ndugu yangu. Sikuombi uandike uongo. Jiwe la zege lipo, linaonekana, kila mtu analijua. Pima kutoka pale. Hicho kigingi chenu cha mababu useme umekitafuta hukukipata. Nani atakubishia?"

"Mimi."

Kisha akasema, kwa upole ulionichoma kuliko ukali, "Unakumbuka thiodolaiti?"

Nilikumbuka. Shule yetu ilikuwa na thiodolaiti moja, chombo cha kupimia pembe, kimefungiwa stoo kama hazina. Asubuhi moja kabla ya kengele niliiba ufunguo mfukoni mwa Kiranja, nikakitoa nje ili nione kilele cha mlima kupitia lenzi yake. Kiliteleza. Lenzi ikavunjika. Baba yangu hakuwa na karo ya muhula mwingine. Nilikuwa nasoma kwa ufadhili, na mfadhili hakutaka kusikia kosa hata moja. Mkuu wa shule alipouliza, Kiranja alisimama akasema, "Ni mimi." Akafukuzwa wiki tatu na kuvuliwa beji. Mwaka huo huo, mwisho wa muhula, shule ikanipa mimi kombe dogo la shaba, la mwanafunzi mwaminifu kuliko wote. Nilikwenda mbele kulichukua. Nilipigiwa makofi.

"Sijawahi kukudai," alisema Kiranja. "Miaka arobaini na minne. Leo nadai."

"Deni nalikubali," nilisema. "Malipo hayo siyakubali. Ijumaa saa nne uje ofisini, nitakulipa. Na keshokutwa saa tatu uwe kwenye kiwanja kama mwakilishi wa mpwa wako. Upande utakaokosekana hautakata rufaa. Barua ya baraza inasema hivyo."

"Hutaingia hata getini, wewe na hilo kabati lako."

"Keshokutwa, saa tatu."

Jumatano nilirudi na gari lile lile. Mke wangu alikuwa amenishauri nichukue teksi. "Unashindana na geti?" aliuliza. Nikamwambia kwamba mtu akikubaliwa kwa sababu ya teksi, atakataliwa siku teksi ikikosekana. Akasema haya, na chai yangu akaimimina kwenye chupa.

Nilifanya kazi barabarani, nje ya ukuta. Viwanja vile vina vigingi vingine vya chuma kwenye pembe za mbali. Nikavitafuta, nikavikuta viwili vikiwa salama, nikavisafisha namba. Mafundi walipanda juu ya matairi wakanitazama.

"Mheshimiwa, kura unazihesabu humo kwenye majani?"

"Pima na tumbo la Ufunguo, mzee, tujue limefika wapi."

Nilikuwa na hesabu.

Alhamisi, saa mbili na nusu, nilifika getini, na injini ikazimika kabla sijapiga honi. Nikawasha, ikakohoa, ikafa. Nikawasha tena. Nyuma ya geti kicheko kiliumuka kama maandazi, kisha kikakatika, na geti likafunguliwa lote. Mama Klachi mwenyewe alitoka, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono ya ovaroli imekunjwa hadi kiwikoni. Nilikuwa sijamwona kwa karibu.

"Usiendelee kuwasha, utaua betri," alisema. "Fungua boneti."

"Sikuja kutengenezewa gari, mama."

"Na mimi sikukuuliza umekuja kwa nini. Limeziba njia yangu."

Akainama kwenye injini, akashika hiki, akagonga kile. Kisha akatandika gunia chini, akaingia uvunguni. Alipotoka alikuwa amebana midomo kama mtu anayezuia kucheka msibani.

"Spana," aliita. "Njoo uone tangi la mafuta la serikali."

Mzee Spana akalala chini, akachungulia. "Sabuni ya mche," alitangaza. "Ufa umezibwa kwa sabuni ya mche. Na kipande kimeingia ndani, ndicho kinachoziba mafuta."

"Na betri imefungwa kwa kamba ya kupimia viwanja," alisema Mama Klachi. "Bwana mpima, mtu wa Ufunguo haendeshi sabuni. Samahani. Tumekuhukumu bure. Ingia."

Mafundi walianza kulisukuma gari kwa furaha, kana kwamba nimerudi kutoka safari. Nikaweka mkono juu ya boneti.

"Subirini," nilisema. "Juzi mlinikataa kwa ajili ya mlango wa gari. Leo mnanikubali kwa ajili ya tangi lake. Sitaki hili kama nisivyotaka lile. Kesho nikinunua tangi jipya, vipimo vyangu vitakuwa vya uongo?"

Mzee Spana akamnong'oneza mwenzake, si kwa siri sana, "Huyu hata ukimkaribisha anakasirika."

"Sasa unataka nini, mzee?" aliuliza Mama Klachi.

"Kazini kwangu kuna utaratibu mmoja. Mwenye shaka hushika ncha ya utepe kwa mkono wake. Mimi nasoma, naye anasoma, na namba ikitofautiana tunarudia. Upande wako utashika ncha moja. Upande wa jirani utashika nyingine."

"Jirani hajawahi kuonekana hapa."

"Saa tatu haijafika," nilisema.

Tulipoingia uani nilipita karibu na lile gari refu jeusi. Lilikuwa limekaa juu ya mawe. Halikuwa na injini, na kuku alikuwa amelalia mayai kwenye kiti cha dereva.

"La nani hili?" niliuliza.

"La bwana mmoja aliyelileta kabla ya mvua za mwaka jana, hajarudi. Kwa nini?"

"Nilidhani ni la mlezi wako wa siasa."

Mama Klachi alinitazama, kisha akamtazama kuku. "Basi tumetoshana," alisema.

Saa tatu kasoro dakika mbili kigari cha bluu kikaingia. Mafundi walikipungia, mmoja akakimbilia kuvuta uzi wa mlango. Kiranja akashuka akiwa na bahasha.

"Katibu, umekuja kutusemea?" aliuliza Mzee Spana kwa uso mkunjufu.

Kiranja aliigeuzageuza bahasha mkononi. Nikafungua daftari langu nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, kwa kuwa ndivyo shughuli hii hufunguliwa: "Upande wa kiwanja cha magharibi, nani?"

"Mimi," alisema Mama Klachi.

"Upande wa kiwanja cha mashariki?"

Kiranja alinikazia macho, macho yale yale ya shuleni, nami sikuyakwepa.

"Mimi," alisema. "Kwa niaba ya mpwa wangu."

Mzee Spana alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kuona nywele zake. Zilikuwa nyeupe kabisa. "Kumbe wewe ndiye jirani," alisema, polepole. "Na kigari chako hiki tunakusukumia siku zote."

"Mambo ya ardhi hayana chama," alisema Kiranja.

"Hapo tumekubaliana," nilisema, nikampa ncha ya utepe.

Ramani ya awali ilitoa umbali wa T 384 kutoka kwenye vile vigingi viwili nilivyovisafisha: mita arobaini na moja na sentimita thelathini kutoka cha kwanza, mita ishirini na nane na sentimita sabini na tano kutoka cha pili. Penye kukutana vipimo hivyo viwili ndipo penye kigingi. Kiranja alisimama kwenye kigingi cha kwanza ameshika sifuri. Mama Klachi alirudi nyuma na utepe, akaingia nao getini, akapita kati ya magari, akachora chini kwa chaki mstari uliopinda. Nikasoma namba, naye akaisoma. Tukahamia kigingi cha pili. Mara hii Kiranja aliushika utepe ukalegea kidogo.

"Vuta, katibu," alisema Mama Klachi bila kugeuka. "Unajua kuvuta. Umetuvuta mwaka mzima."

Akauvuta. Mstari wa pili ukaukata wa kwanza ukingoni mwa shimo, mahali pamoja peusi palipojaa grisi, penye kipande cha chuma kilichochomoza sentimita kumi hivi na kuzungushiwa mnyororo.

"Hapo si kitu," alisema mmoja wa mafundi. "Hapo ni pa kufungia mnyororo wa kunyanyulia injini."

Nilipiga magoti. "Nani aliweka chuma hiki?"

"Nilikikuta," alisema Mama Klachi. "Baba alipochimba shimo alikikuta hapo, akakimwagia zege pembeni kisitikisike. Alisema kinafaa."

"Aliking'oa kwanza?"

"Angeking'oa vipi? Alijaribu, kikamshinda. Ndiyo maana akakipenda."

Niliomba dizeli na brashi ya waya. Mama Klachi akaufungua mnyororo, akasugua mwenyewe. Grisi ya miaka ishirini na mitatu haitoki kwa haraka. Ilitoka nyeusi, kisha ya kahawia, kisha chuma kikaanza kung'aa, na juu ya kichwa chake zikaonekana alama.

"Soma," nilimwambia.

"T," alisoma. "Tatu. Nane." Akafuta kwa kidole gumba. "Nne."

Nikampa Kiranja ramani ajionee. Hakuipokea, alikuwa amekwisha kuona. Shimo lote lilibaki ndani ya kiwanja cha gereji, kwa nafasi ya upana wa kiganja.

"Miaka yote hii," alisema Mzee Spana akirudisha kofia, "tunafunga injini kwenye ushahidi."

Kiranja alitia sahihi kwenye daftari langu. Kigari chake kiligoma kuwaka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekwenda kukisukuma, mpaka Mama Klachi aliposema, "Jamani, ni mteja." Wakakisukuma, bila maneno, hadi nje ya geti.

Usiku ule nilipokuwa naandika barua, mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu akaisoma mpaka mwisho. Kisha nikalichukua lile kombe la shaba rafuni, nikamimina vilivyomo juu ya meza. Kwa miaka mingi lilikuwa chombo chake cha kuwekea sindano na nyuzi.

"Na nyuzi zangu nitaziweka wapi, Bwana Nyuzi?"

"Nitakununulia kopo."

"Kopo lisilo na jina lako," alisema. "Afadhali." Akaanza kukusanya sindano moja moja.

Ijumaa, saa nne kamili, Kiranja aliketi kwenye kiti kile kile. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu.

"Umenimaliza kwa watu wangu," alisema. "Ungeweza kuniita pembeni."

"Pembeni tulikaa Jumanne, humu humu. Na kuhusu lile la chini ya turubai sikusema neno, wala sitasema. Sikutumwa kupima magari."

"Basi lipa. Ulisema utalipa."

Niliweka mezani vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kombe. Cha pili kilikuwa nakala ya barua niliyoipeleka posta saa mbili asubuhi, kwa mkuu wa shule yetu na kwa chama cha wanafunzi wa zamani, ambacho mimi ni mweka kumbukumbu wake. Ilisema kwamba thiodolaiti ilivunjwa na mimi, kwamba aliyeadhibiwa hakuwa na hatia, kwamba jina langu lifutwe kwenye ubao wa mwaka ule na beji ya Kiranja irudishwe kwenye kitabu. Ilikuwa na tarehe, saa, na sahihi yangu kamili.

Aliisoma mara mbili. Aliligeuza kombe akalitazama chini, ambako uzi mmoja mwekundu ulikuwa umenasa.

"Hili halinisaidii kitu," alisema.

"Najua."

"Mita mbili na nusu zingenisaidia."

"Mbili na sentimita sitini," nilisema. "Hizo hazikuwa zangu. Hili nililokupa ndilo ulilonikopesha: jina lako safi. Nimelirudisha. Hunidai."

Kiranja aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Kombe akaliacha. Alipofika mlangoni aligeuka, nikadhani atanena jambo, lakini aliuliza tu kama ningeweza kumsaidia kusukuma gari.

Nikavua koti, nikatoka naye, nikalisukuma hadi likawaka.